Dereva wa guta aliyeandikwa "mtoa huduma huru": kisa kimoja cha Tanga

Alifika barazani kwangu, Makorora, siku ya 23 tangu atolewe kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Mguu ulikuwa bado umevimba kifundoni, lakini mimi kilichonishtua ni hiyo 23.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa kwanza. Walikupa barua?"

"Barua hakuna. Wamenitoa grupu tu, na guta wamelichukua. Karani kasema nisubiri, watanipigia."

Si mpwa wangu wa damu. Mama yake na mimi tumekaa mtaa mmoja tangu yeye hajaanza shule. Mimi ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kabla ya hapo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Uwakili sina. Ninachokijua nimekiokota kwenye mabenchi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA, na kwa watu waliokuja kwangu siku ya 31. Anayelalamika kwamba kaachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume, zinazohesabiwa tangu kazi ilipokoma. Akichelewa, aombe kwanza kuongezewa muda kwa fomu yake na sababu za kueleweka, na "nilikuwa nasubiri wanipigie" si sababu inayomgusa mwamuzi. Hiyo "subiri tutakupigia" imekula haki za watu wengi mji huu kuliko kifungu chochote cha mkataba.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni, sitaitaja, ina ghala Chumbageni. Inasambaza maji ya chupa, soda, unga na sabuni kwa maduka ya rejareja: Mikanjuni, Duga, zile barabara za namba za Ngamiani, hadi Pongwe na Mabokweni. Ina madereva 20 wa guta na wote wamesaini karatasi ya aina moja. Kijana wetu kafanya kazi miezi 14. Guta, hiyo pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ni la kampuni, amepewa kwa mkataba kama bodaboda wanavyopewa pikipiki: anakatwa 5,000 kila siku ya kazi kwa miezi 24, kisha liwe lake. Malipo ni 3,500 kwa tripu. Siku ya kawaida hupiga tripu 4, siku 6 kwa wiki.

Wakati wa masika, akielekea Pongwe na mzigo, daladala ikasimama ghafla mbele yake maeneo ya Kange. Akakanyaga breki, guta likalala ubavu. Kreti 9 za soda zikavunjika. Polisi wakamwandikia PF3, ile fomu yao ya matibabu, hospitali ya Bombo wakamfunga mguu na kumwambia apumzike siku 12. Jumamosi ya malipo karani akamtumia hesabu: kreti 9 kwa 13,000 ni 117,000, malipo yako ya wiki 2 baada ya makato ni 99,600, kwa hiyo hupati kitu na bado unadaiwa 17,400. Akaandika grupuni kwamba hajakubali, daladala ndiyo iliyosimama vibaya. Hazikupita dakika 10, akaondolewa.

Karatasi

Mkataba una kurasa 6, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Yeye kaishia darasa la saba. Alisaini mezani kwa karani huku guta liko nje limeshapakiwa mzigo wa kwanza, na anasema hata kama angejua Kiingereza asingesoma, maana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alishashika kalamu.

Ndani anaitwa mtoa huduma huru. Inasemwa kwamba anajitegemea, kodi zake analipa mwenyewe, kampuni haimdhibiti, anaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi badala yake, na hakuna uhusiano wowote wa ajira kati ya pande hizi mbili. Nilimtafsiria kifungu kimoja kimoja. Nilipofika kwenye cha kumtuma mtu mwingine, akacheka.

"Unacheka nini?"

Akatoa simu. Miezi kadhaa nyuma alishikwa na malaria, akamtuma rafiki yake, deiwaka (dereva wa kibarua cha siku) mwenye leseni safi, akachukue guta akapakie. Mlinzi alimrudisha getini. Kisha karani akatuma ujumbe wa sauti, mfupi, na kijana hakuufuta: "Huyo hatumtambui. Njoo mwenyewe au ulale, lakini hesabu ya guta iko palepale." Niliusikiliza mara tatu. Kwa miaka yangu yote ya shughuli hii sijaona kifungu cha mkataba kikivunjwa vizuri hivyo na aliyekiandika.

Sheria inaanzia wapi

Watu wengi, na hata baadhi ya wanaoandika mikataba hii, wanadhani swali la kwanza ni "karatasi inasemaje". Kwetu sivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61 kama ilivyotungwa (sheria zikichapwa upya namba huhama, kwa hiyo anayenukuu atazame toleo aliloshika), inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mkataba uwe wa namna gani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya 7 yaliyotajwa. Moja tu linatosha kuisimamisha dhana hiyo. Halafu mzigo unahamia kwa kampuni: yeye ndiye athibitishe kwamba huyu si mwajiriwa.

Tukayapitia. Namna ya kufanya kazi iwe chini ya maelekezo ya mwingine: kila asubuhi orodha ya maduka hutumwa grupuni, nani aende wapi na aanzie duka gani. Saa za kazi zipangwe na mwingine: geti saa 12:30 asubuhi, ukichelewa faini 5,000, kurudisha makreti matupu saa 11:30 jioni. Awe sehemu ya taasisi: fulana ya kampuni, jina la kampuni kwenye bodi la guta, na wenye maduka wanamwita kwa jina la kampuni, si lake. Awe amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwisho: yeye, ukitoa saa moja ya kula, anapiga saa 10 kwa siku, hivyo hizo 45 huzimaliza Ijumaa ya wiki ya kwanza. (Afrika Kusini wana kifungu ndugu na hiki, wao wameweka saa 40.) Amtegemee huyo kiuchumi: hana kipato kingine. Apewe vitendea kazi: guta. Amfanyie kazi mmoja tu: mkataba wenyewe unamkataza kubeba mzigo wa mwingine.

Saba kwa saba. Sijasema tumeshinda. Dhana ya kisheria ni mlango, na ndani ya nyumba kampuni nayo ina maneno yake.

Maneno ya kampuni

La kwanza ni kodi. Kampuni ilimkata asilimia 5 kila malipo, zuio la kodi kwa watoa huduma, na ina vyeti. Mwajiriwa hukatwa kodi ya mshahara, si zuio la huduma. Kwa nini alikaa kimya miezi 14? Jibu langu: makato yalifanywa na kampuni, kwa uamuzi wa kampuni. Huwezi kumvisha mtu kofia kisha ukaileta kofia hiyohiyo kuwa ushahidi kwamba yeye ni polisi. Hili halinisumbui sana.

La pili ni malipo kwa tripu. Hili nalo linatisha kwa mbali tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamjua mfanyakazi anayelipwa kwa kipimo kisichokuwa muda, na inaeleza jinsi ya kupata mshahara wake wa wiki: chukua alichopata wiki 13 za mwisho utafute wastani. Sheria isingehangaika na hesabu hiyo kama kulipwa kwa kazi kungekuondolea uajiriwa.

La tatu ni guta. Kampuni inasema anayelipia chombo chake ni mfanyabiashara. Hapa niliwaza usiku kucha, maana kuna ukweli ndani yake. Anayemiliki chombo, anayebeba gharama na hasara, anayeweza kupata faida zaidi kwa ujanja wake, huyo anaanza kufanana na mwenye biashara. Asubuhi nikampigia nikamuuliza kadi ya guta iko kwa jina la nani. La kampuni. Na guta linalala wapi? Ndani ya geti la kampuni, ufunguo unakabidhiwa kwa mlinzi. Na siku ya ugomvi walilichukua bila kumuuliza. Basi siku ile ya ajali lilikuwa la kampuni, na yeye alikuwa akikatwa kwa ahadi.

La nne, lile la kumtuma mtu mwingine, ndilo lingetuua. Mwajiriwa hutoa nguvu zake mwenyewe. Anayeweza kupeleka mtu mwingine bila kuomba ruhusa ni vigumu kumwita mwajiriwa. Wanaoandika mikataba hii wanalijua hilo, ndiyo maana kifungu hicho hakikosekani. Nchi nyingine madereva wameangushwa nacho pale kilipokuwa kinatumika kweli. Chetu kiliishia getini.

Yule ambaye nilimkatalia

Habari ikazagaa ghalani, akaja dereva wa pili. Karatasi ileile, kurasa zilezile 6, na yeye ameambiwa mizigo imepungua. Alitaka tumuunganishe kwenye shauri.

Huyu ana guta lake, kadi kwa jina lake, kalinunua kabla hajaijua kampuni. Anabebea wauzaji watatu, mmoja wao mpinzani wa kampuni hii, na hakuna aliyemuuliza. Bei ya tripu za Mabokweni alikataa ya kampuni akapandisha mwenyewe, wakakubali. Siku ambazo hana hamu, mdogo wake ndiye anayeendesha. Grupuni hayumo, wanampigia wakiwa na mzigo uliozidi.

Nikamwambia, ndugu yangu, wewe ni mfanyabiashara kweli. Wanakudai au unawadai tripu? Anadai tripu 6. Basi hilo ni deni, na deni lina mahakama yake, tena dogo kama hilo linaishia Mahakama ya Mwanzo, lakini CMA tukikupeleka utakuwa shahidi wao bila kutaka. Watasema: mnaona, mkataba wetu ni wa kweli, mtazameni huyu. Alinuna. Wiki nzima hakunisalimia pale msikitini. Bado naamini nilikuwa sahihi, na ningependa wasaidizi wenzangu wajifunze kusema hapana hii. Madereva wakija kwa kundi na karatasi moja, hujikuta tunawafungulia shauri moja kana kwamba maisha yao nayo ni mamoja.

Nani hasa anashtakiwa

Fulana ina jina moja. Bodi la guta lina jina hilohilo. Kijana alitaka tuandike hilo. Nikamwambia afungue ujumbe wa malipo ya nyuma kwenye simu: "Umepokea 99,600 kutoka kwa..." na hapo palikuwa na jina jingine kabisa. Tulipotafuta kwenye daftari la BRELA, wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara, jina la kwenye fulana ni la biashara tu, na kampuni yenyewe ni hiyo ya kwenye ujumbe.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Afrika Kusini mwaka 2017 tume yao ya usuluhishi iliamua kwamba madereva wa Uber ni waajiriwa. Januari 2018 Mahakama ya Kazi ya Cape Town ikautengua uamuzi huo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba waliolalamikiwa ni Uber ya Afrika Kusini, wakati mkataba wa madereva ulikuwa na kampuni nyingine iliyoko Uholanzi. Watu walikuwa na hoja ya kutosha, wakagonga nyumba ya jirani. Uingereza, Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu yake Februari 2021, madereva walishinda dhidi ya kampuni sahihi, na majaji walisema wazi kwamba huanzi na maandishi ya mkataba bali na jinsi kazi inavyofanyika. Hukumu hizo hazimfungi mwamuzi wa Tanga, ila nilimsimulia kijana hiyo ya Cape Town ili aache kunisukuma tuandike haraka.

Simu

Siku mbili zilizofuata tulifanya kazi ya simu. Kutolewa grupu hakufuti ujumbe uliokwisha ingia. Watu hufuta wenyewe kwa hasira, au huuza simu. Tulipiga picha za skrini za orodha za asubuhi za miezi 3, zenye tarehe na namba ya mtumaji. Faini zote. Ujumbe wa sauti tukauhifadhi kwenye simu ya pili, na simu ya kwanza nikamkataza asiguse chochote, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii lakini inataka uaminifu wa ulivyotunzwa uonekane. Tukachapisha taarifa ya miamala. Muuza duka mmoja wa Barabara ya 12 akakubali kuja kusema kwamba kwa miezi 14 aliyemletea soda ni huyu huyu. PF3 na kadi ya Bombo zikaingia kwenye bahasha.

Kuna kitu madereva wenzake walimwambia akitengeneze: barua ya kuachishwa kazi, ya kubuni. Nilimfukuza barazani kwa nusu saa.

Tudai nini

Hapa ndipo hamaki hufanya kazi. Alikuja na orodha ya shilingi milioni 20 na ushei, aliyoandikiwa na mtu wa kijiweni.

Tuliketi na kikokotoo. Tripu 4 kwa 3,500 kwa siku 6 ni 84,000 kwa wiki, na wiki 13 za mwisho zilikubali: tripu 312, jumla 1,092,000. Gawa 84,000 kwa saa 45 za wiki ambazo sheria inaziita za kawaida, kisha zidisha kwa moja na nusu, saa moja ya ziada inatoka 2,800. Yeye kwa wiki anazidisha saa 15. Hiyo ni 42,000 kila wiki, nusu ya kipato chake, ambayo hakuna aliyewahi kumwambia ipo.

Akataka tuandike miezi 14 ya saa za ziada. Nikamzuia. Migogoro isiyokuwa ya kuachishwa kazi ina siku 60 tangu ilipoanza, na ukileta madai ya mwaka jana wakili wa upande wa pili hatajadili kitu kingine chochote. Utakaa miezi mnabishana kuhusu muda. Tukaandika wiki 8 za mwisho, 336,000. Likizo ya mwaka, siku 28 ambazo hakuwahi kupewa, wiki 4 za malipo, nayo 336,000. Kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa mwaka mmoja uliotimia: 84,000 kwa siku 6 ni 14,000, mara 7 ni 98,000. Malipo yaliyozuiwa. Cheti cha utumishi. Notisi tulidai ya siku 28, huku nikijua wanaweza kusema huyu ni wa wiki na stahili yake ni siku 4, na sheria inawapa pa kushikia. Kisha fidia ya kuachishwa isivyo halali, inayopimwa kwa mishahara ya miezi, na hiyo ndiyo inayowafanya waajiri wainue simu. Ulinzi huo haumhusu mtu wa chini ya miezi 6 kazini. Yeye aliupita zamani.

Kreti zile 9 nazo. Hata kwa mwajiriwa aliyekosea kweli, mwajiri hakati anavyotaka. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo ya 168,000 ni 42,000. Wao walichukua yote yaliyobaki.

Ajali tuliiweka kando na shauri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa na sheria ya 2008, na mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Taarifa ya ajali haitakiwi kulala zaidi ya miezi 12. Tukaandika barua kwa mwajiri na kwa Mfuko, nakala ya PF3 ndani. Kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10, tulikwenda dirishani kuuliza kama ana namba ya uanachama. Hana.

Fomu

Mgogoro hupelekwa kwa fomu iitwayo CMA F.1. Haina ada. Inataka kitu kimoja ambacho kimewarudisha watu wengi: mlalamikiwa apewe nakala kwanza, na uthibitisho kwamba kapewa ndio uende na fomu Tume. Tulifika getini siku ya 26. Mlinzi, yuleyule wa deiwaka, akaichukua akaingia ndani, akarudi nayo.

"Mzee, wamesema hawasaini kitu."

Hatukugombana naye, anakula pale. Tulikwenda posta tukaituma kwa rejesta, tukabaki na risiti. Siku ya 27 tulikuwa dirishani kwa Tume, na mhuri ukapigwa. Kijana aliupiga picha huo mhuri kabla ya kufika mlangoni.

Mezani

Usuluhishi una siku 30, na yanayosemwa humo hayawi ushahidi baadaye, jambo linalosaidia watu kusema kweli. Upande wa kampuni alikuja wakili, binti mpole, aliyenisalimia shikamoo kabla hajafungua faili, pamoja na karani. Mimi niliingia kama mwakilishi binafsi, ambaye sheria inamruhusu. Bosi hakuja.

Wakili akaanza na kurasa 6. Msuluhishi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia kijana: siku ukiumwa, unafanyaje? Kijana akaniangalia. Nikamwambia cheza. Sauti ya karani ikajaa chumba kile kidogo, na karani mwenyewe ameketi pale, macho kwenye meza. "Njoo mwenyewe au ulale." Wakili akaomba dakika 15.

Waliporudi hawakuzungumzia tena kama ni mwajiriwa au siyo. Walitaja pesa: 900,000 na kila mtu aende zake.

Mimi nilitaka tukatae, tuombe cheti cha kushindikana usuluhishi, twende kwenye uamuzi. Niliona tuna shauri zuri. Lakini uamuzi ni miezi, na kampuni ikishindwa ina wiki 6 za kuomba marejeo Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, na huko kuna foleni yake. Yeye ana watoto wawili na mguu unaovuta. Akaniomba tutoke nje.

"Mjomba, mimi nataka guta."

"Guta?"

"Nimeshalilipa miezi 14. Wanipe na kadi."

Sikuwa nimelifikiria. Siku 364 kwa 5,000 ni 1,820,000 alizokwisha toa, zilizobaki 1,300,000. Kama tungekwenda kwenye uamuzi, sina uhakika mwamuzi angeligusa guta, kwa kuwa ni mauziano ndani ya ajira na wangeweza kutuambia tukalidai kwingine. Mezani kwa usuluhishi kila kitu kinazungumzika. Hilo kijana wa darasa la saba aliliona na mimi sikuliona.

Ikachukua vikao viwili vingine. Mwisho: guta lake, kadi ihamishwe kwa gharama ya kampuni, deni lililobaki lifutwe, fedha taslimu 1,450,000 kwa awamu mbili, na cheti cha utumishi. Kuhusu cheti walibishana zaidi ya pesa, kwa sababu kumpa mtu cheti cha utumishi ni kukiri alikuwa mtumishi. Wakakubali kiandikwe tarehe, aina ya kazi na mahali, bila neno "mwajiriwa". Makubaliano yakasainiwa mbele ya msuluhishi, na makubaliano hayo yana nguvu ya kukazwa kama amri ya mahakama. Mstari wa mwisho, uliowekwa na wakili, unasema kampuni haikiri uhusiano wa ajira. Nilimwambia kijana mstari huo haumdhuru yeye. Wenzake 19 ndio unaowaacha palepale, na nilimwambia hivyo pia. Alitikisa kichwa, akasaini.

Awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati. Ya pili ilichelewa siku 9, tukaandika barua moja ya kukumbusha, ikaja. WCF wamejibu wanataka maelezo zaidi ya mwajiri, bado tunafuatilia.

Mwezi uliopita wamekuja madereva wawili wa ghala lile na mkataba mpya. Sasa ni wa Kiswahili, kurasa 4. Kifungu cha kumtuma mtu mwingine kimeongezwa maneno: "wakati wowote bila idhini ya Kampuni". Orodha ya asubuhi haitumwi tena grupuni, inasomwa kwa mdomo getini. Mtu aliyesoma faili letu kafanya kazi yake.

Niliwauliza kama yupo aliyejaribu kumtuma mwenzake tangu wasaini. Hakuna. Basi jaribuni, nikawaambia, kila mmoja siku yake, muandike kwenye daftari tarehe, saa na jina la aliyekuwa getini. Na kwa kuwa bado mko kazini, njia yenu si ile ya mwenzenu: Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia ghalani, kukagua na kutoa amri ya utekelezaji bila ninyi kufungua shauri. Mkiwa 20 mnaweza hata kuunda chama, sheria inataka idadi hiyo hiyo, au mjiunge na chama cha uchukuzi kilichopo. Nilipotaja chama walitazamana.

Wamesema wataenda kwa Afisa Kazi Ramadhani ikiisha. Kwa sasa mizigo ni mingi, wanapiga mpaka tripu 6.